Chipu, tatuu, pete au picha? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu alama za sungura wa nyumbani

Nafuga sungura nyumbani kwangu Morogoro, na maswali haya huulizwa na watu wanaokuja kuchukua kitoto cha kumpelekea mwanao, au wanaonipigia usiku wakiwa na tochi mkononi, sungura hayupo bandani. Wengi huanza kwa kuuliza ni alama gani iliyo bora. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: akitoroka leo, atakayemwokota ni nani, na ataisomaje hiyo alama? Ukishajibu hilo, uchaguzi unakuwa mwepesi.

Sungura wangu anakaa bandani muda wote. Alama ya nini?

Hakai muda wote. Sungura ni mchimbaji kwa asili, na jike mwenye mimba akifika siku za mwisho anaweza kuchimba usiku kucha. Mtoto husahau komeo, waya huliwa na kutu, fundi huja kutengeneza paa na kuacha mlango wazi. Tena akishatoka hana sauti ya kukuita. Mbwa atabweka, paka atalia. Yeye hujikunyata chini ya gari la jirani, kimya, mpaka mtu mwingine amwone.

Aliyenifundisha ni jike wangu mweupe wa aina ya New Zealand. Alitoka wakati wa masika, na siku ya nne tukasikia yupo nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kumbe mwenye nyumba ile naye alikuwa na weupe wanne, na kwa kuwa watoto ndio wanaolisha, yeye hakujua kwamba sasa wako watano. Tukasimama mbele ya banda: watano, wote weupe, wote macho mekundu. Akasema hawa wote ni wangu, na alikuwa anasema anachokiamini. Mwenyekiti wa mtaa akaitwa. Nikaomba tochi ya simu, nikaiweka nyuma ya sikio la kushoto la kila mmoja kwa zamu. Kwa yule wa tatu, mwanga ulipopenya, katikati ya wekundu wa ngozi zikajitokeza herufi mbili na tarakimu mbili za kijani. Jirani akainama akasoma mwenyewe, akamtoa, akanikabidhi. Bila tatuu ile ningerudi mikono mitupu, tena nikiwa nimegombana na mtu asiye na kosa.

Chipu ni kitu gani hasa?

Ni kidude kama punje ya mchele. Nje ni kioo, ndani kuna koili ndogo na namba. Ya kawaida ina urefu wa takriban milimita 12 na unene wa milimita 2. Ile ndogo ni kama milimita 8 kwa 1.4. Haina betri. Skana, yaani kifaa cha kuisomea, ikipitishwa juu ya ngozi huiamsha kwa mawimbi ya redio, nayo hujibu kwa kutaja namba yake, basi.

Chipu zinazofuata viwango vya kimataifa, ISO 11784 na 11785, hutumia masafa ya kilohezi 134.2 na hubeba tarakimu 15. Tatu za mwanzo ni za nchi au za kiwanda. Marekani zilienea pia chipu za kilohezi 125, na skana ya zamani ya aina moja haisomi za aina nyingine. Kwa hiyo ukiwekewa, uliza neno moja tu: ni ya ISO? Ikiwa siyo, subiri ipatikane iliyo ya ISO.

Nikimwekea chipu, nitamwona alipo kwenye simu?

Hapana. Chipu haina GPS na haitumi chochote mpaka skana iwe karibu kabisa, sentimita chache kutoka kwenye ngozi. Nimeona watu wakilipia huduma hii wakidhani wamenunua kifaa cha kufuatilia, na inaniuma, kwa sababu wanaacha kukagua banda wakiamini wana kinga.

Inamuuma sungura?

Inauma kidogo na kwa muda mfupi. Sindano ya chipu ni nene kuliko ya chanjo, na ngozi ya sungura ni nyembamba. Daktari mzoefu huinua ngozi katikati ya mabega, huingiza sindano kwa kulaza, husukuma, huchomoa na kubana tundu kwa kidole kwa sekunde kadhaa. Wengine hunyoa manyoya kidogo na kupaka krimu ya ganzi nusu saa kabla, au huweka tone la gundi ya ngozi mwishoni ili chipu isirudi nje. Ukiweza kuomba hayo, yaombe.

Kinachonitisha mimi kuliko sindano ni namna anavyoshikwa. Misuli ya miguu ya nyuma ya sungura ina nguvu kushinda mifupa yake; akishtuka akapiga teke huku sehemu ya nyuma ikining'inia, anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Hapo hakuna dawa. Kwa hiyo meza itandikwe taulo asiteleze, mkono mmoja kifuani, mwingine umekumbatia makalio, na mtu asimwinue kwa masikio hata mara moja. Mimi hufunika macho yake kwa kiganja. Huwa namsikia mapigo yakishuka chini ya mkono wangu, ndipo namwambia daktari aendelee.

Akirudi nyumbani mwangalie kama anakula na kama kinyesi kinatoka. Sungura asiyegusa chakula kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, chipu au hakuna chipu.

Awekewe akiwa na umri gani?

Kwa wafugaji wengi wakati mzuri ni siku ya kuhasiwa, kwa kawaida kati ya miezi minne na sita, maana atakuwa amelala kwa dawa ya usingizi na hatasikia lolote. Na hapa niseme jambo ambalo baadhi ya kliniki husahau kwa sababu zimezoea mbwa: sungura hafungishwi chakula kabla ya upasuaji. Hawezi kutapika, na utumbo wake ukisimama ni hatari kwa uhai wake. Ukiambiwa asile tangu usiku, uliza kwa heshima, na ukijibiwa vilevile tafuta daktari mwingine.

Asipohasiwa, subiri awe na mwili wa kutosha. Kwa wale wadogo kabisa, wa aina ya vibeti, omba chipu ya milimita 8.

Nimesikia chipu huhama mwilini, na kwamba husababisha saratani.

Kuhama ni kweli. Inaweza kuteremka begani au hata kukaribia mguu wa mbele, hasa mwanzoni kabla tishu hazijaishika. Haimdhuru kwa kawaida, ila mtu mvivu anayepitisha skana mgongoni mara moja ataikosa. Skana ipitishwe polepole, shingoni, mabega yote mawili, ubavuni na kifuani.

Kuhusu saratani: uvimbe pembeni ya chipu umeripotiwa, zaidi kwa panya wa maabara, na kwa wanyama wa nyumbani ni matukio machache mno ukilinganisha na mamilioni waliowekewa. Mimi sijaacha kuweka kwa sababu hiyo. Ila ukipapasa ukakuta uvimbe unaokua mahali pa chipu, usingoje.

Hapa kwetu nitaipata wapi?

Tafuta kliniki inayoandaa mbwa na paka wanaosafiri nje ya nchi. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hudai chipu kwa mbwa, paka na fereti (mnyama mdogo wa kufugwa wa jamii ya vicheche) wanaoingia na wenye wao, kwa hiyo kliniki zinazofanya kazi hiyo Dar es Salaam, Arusha au Nairobi huwa na chipu na, muhimu zaidi, huwa na skana. Kliniki yenye sindano bila skana haikusaidii kitu.

Ukifika, omba chipu isomwe ikiwa bado kwenye sindano, kisha isomwe tena ikiwa ndani ya sungura, na namba mbili zilinganishwe mbele yako. Bandika ile stika yenye tarakimu 15 kwenye kadi ya chanjo. Nilishapewa kadi ambayo tarakimu mbili zimegeuzwa, na niligundua baada ya mwaka mzima.

Namba ya chipu nisajili wapi?

Hili ndilo watu wengi hulipuuza. Chipu haina jina lako wala simu yako. Ina namba peke yake, na namba isiyo na daftari ni bure. Kabla ya sindano, muulize daktari ataiingiza kwenye daftari gani: la kliniki tu, au lile la kampuni ya chipu linalotafutwa kwa intaneti? Afadhali yote mawili. Kisha, ukibadilisha laini ya simu au ukimgawa sungura, badilisha na huko. Mtu aliyemwokota mnyama wako hatapiga mara ya pili kama namba haipatikani.

Tatuu ya sikioni ni ya nini, na inachorwaje?

Hii ndiyo alama ya zamani na bado ndiyo ninayoipenda. Katika maonyesho ya chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani, ARBA, kila sungura lazima awe na tatuu ya kudumu sikio la kushoto. La kulia huachwa kwa ajili ya alama ya usajili. Ujerumani wafugaji wa vyama huchora masikio yote mawili: kulia alama ya klabu, kushoto mwezi na mwaka wa kuzaliwa pamoja na namba ya mnyama. Ni utaratibu mzuri wa kuiga hata kama huna klabu. Herufi za kwanza za nyumba yako, mwaka, namba, imetosha.

Vifaa ni viwili. Kuna plaizi yenye vipande vya sindano vilivyopangwa kama tarakimu, unaibana mara moja na kuachia. Na kuna kalamu ya umeme inayochora nukta kwa nukta. Plaizi ni ya haraka. Kalamu huchukua muda, lakini maandishi yake ni nadhifu zaidi.

Utaratibu wa plaizi uko hivi. Kwanza ibane kwenye karatasi uone kama tarakimu zimekaa sawa na hazijageuka. Ukikosea hapa umekosea maisha yake yote. Sikio lisafishwe kwa spiriti na likauke. Litazame dhidi ya mwanga: katikati unaona mshipa mkubwa wa ateri unashuka kama mto, na ukingoni kuna mshipa mwingine, vena. Alama ikae kwenye uwazi kati ya hiyo mishipa, upande wa ndani. Bana kwa nguvu moja bila kusita, achia, kisha wino unasuguliwa kwa kidole gumba au mswaki laini mpaka uingie kwenye vitundu. Mwishowe paka vaselini. Kwa siku kadhaa sikio litakuwa limepakazwa wino ovyo na utadhani umeharibu. Usisugue. Litajisafisha, na namba itabaki.

Wino wa kijani huonekana vizuri hata kwenye masikio meusi. Mweusi kwenye sikio jeusi hupotea.

Inauma, nisikufiche, na sungura wengine hupiga kelele, sauti ambayo hutaisahau. Krimu ya ganzi hupunguza sana. Ndiyo maana nachora tatuu mara moja tu, nikiwa nimejiandaa.

Naweza kuchora mwenyewe?

Mara ya kwanza, hapana. Mwite daktari au afisa mifugo wa kata aliyewahi kuifanya, umshikie sungura huku ukitazama. Nilichokiona kikienda vibaya kwa wanaojaribu wenyewe ni kutoboa vena, na kutumia sindano zilezile kwa sungura kumi bila kuzisafisha, kidonda cha mmoja kikawa cha wote. Na wino uwe wa tatuu za wanyama. Wino wa peni hufifia na huwasha ngozi.

Na pete ya mguuni?

Uingereza ndiko pete zilikoota mizizi. Baraza la sungura la huko, BRC, hutoa pete za chuma zilizofungwa, zenye namba na mwaka, zinazopitishwa mguu wa nyuma sungura akiwa bado mdogo. Mguu ukishakua haitoki tena. Kila aina ya sungura ina saizi yake. Kwa mfugaji wa maonyesho anayeshika wanyama wake kila siku, inafanya kazi.

Kwa sungura wa nyumbani siipendi, na nina sababu. Niliwahi kununua jike mwenye pete ya plastiki ya kuku juu ya kifundo. Manyoya yalikuwa yameifunika, nikamsahau nayo. Siku moja namwona analamba mguu uleule asubuhi na jioni. Nilipotenganisha manyoya, pete ilikuwa imezama, ngozi imevimba juu na chini yake, nyevunyevu na nyekundu. Daktari aliikata kwa koleo ndogo akiwa amemlaza, akapitisha kwanza kijiti bapa kati ya plastiki na nyama ili asimkate. Kidonda kilichukua wiki tatu. Kama sungura wako ana pete, ishike leo: izunguke kwa urahisi na ipande na kushuka kidogo. Haizunguki? Nenda akaikate mtaalamu, usiivute.

Hereni kama za ng'ombe je?

Hapana. Wafugaji wa ng'ombe Tanzania wamezizoea hereni za kielektroniki, lakini sikio la sungura ni kitu kingine kabisa. Ni jembamba, limejaa damu, na ndilo analotumia kupunguza joto mwilini. Hereni hunasa kwenye waya na kulichana. Kukata kipande cha ukingo wa sikio nako ni hivyohivyo. Ni maumivu ya bure wakati tatuu ipo.

Kola ya shingoni yenye kibati cha namba ya simu?

Kwa mbwa ni sawa. Kwa sungura inaua. Hujisafisha kwa kugeuza kichwa na kuingiza mguu wa mbele, na taya au mguu hunasa ndani ya kola. Weka namba ya simu kwenye mlango wa banda na kwenye kreti la kusafiria.

Nina vitoto saba wanaofanana. Nitawatofautishaje kabla hawajafikia umri wa tatuu?

Kwa kalamu ya wino usiofutika haraka, nukta au mstari ndani ya sikio. Mama huwalamba, kwa hiyo rudia kila baada ya siku tatu au nne. Ukucha mmoja ukipakwa rangi ya kucha pia hukaa wiki moja au mbili, kwa wale waliokwisha kuacha kunyonya. Andika kwenye daftari siku hiyohiyo: nukta moja, jike, gramu kadhaa. Nukta bila daftari husahaulika.

Picha si zinatosha?

Kwa niliyoyaona, picha ndizo zinazomrudisha sungura mara nyingi zaidi kuliko chipu, kwa sababu jirani hana skana ila ana simu. Piga pande zote mbili, uso kwa mbele, tumbo, nyayo na ndani ya masikio, pua ikionekana vizuri kama ana doa. Pembeni weka kitu kinachojulikana ukubwa wake.

Lakini jihadhari na aina ya California na wenzake wenye pua, masikio na miguu ya giza. Rangi ile hutegemea joto la ngozi: penye baridi hukolea, penye joto hupauka. Sungura aliyepigwa picha Lushoto mwezi wa Julai akahamia Dar atakuwa mtu mwingine ifikapo Februari. Piga picha upya kila anapomaliza kunyonyoka manyoya. Na kwa weupe watupu, picha haithibitishi chochote.

Nahamia Ulaya na sungura wangu. Chipu ni lazima?

Sheria ya Umoja wa Ulaya inayodai chipu ni ya mbwa, paka na fereti. Sungura hayumo kwenye orodha hiyo. Nako England, chipu ni lazima kwa mbwa tangu 2016 na kwa paka tangu Juni 10, 2024, si kwa sungura. Kila nchi hata hivyo ina masharti yake ya kumwingiza sungura, kwa hiyo anza kwa kuwauliza idara ya mifugo ya kule uendako, kisha shirika la ndege. Mimi ningemwekea tu. Cheti cha afya kikitaja tarakimu 15 na skana ikatoa zilezile, hakuna mabishano kaunta.

Basi nichague nini?

Kama unaye mmoja au wawili, mjini, na kliniki yenye skana haiko mbali: chipu siku ya kuhasiwa, pamoja na picha. Kama una zaidi ya wanne wanaofanana, au unakaa mbali na kliniki: tatuu, kwa sababu inasomwa na yeyote mwenye macho na tochi. Mimi wa kuzalisha nawachora, wa ndani nawawekea vyote viwili, tatuu na chipu. Mwenye uwezo wa kitu kimoja tu leo na apige picha leo, afungue daftari.

Nimeokota sungura. Nifanyeje?

Mtie kwenye boksi lenye nyasi kavu na maji, mahali pa kivuli, mbali na mbwa. Usimlishe karoti na mkate kwa huruma. Akitulia, mulika masikio yote mawili kwa nyuma, papasa miguu ya nyuma kutafuta pete, kisha mpeleke akasomwe kwa skana.

Ukitangaza kwenye kundi la mtaa, weka picha moja tu, na usitaje alama uliyoikuta. Anayekuja kudai ni wake ndiye akuambie: sikio lipi, namba gani, doa liko wapi.